Fizikia na Hisabati

Landrova iliyotuteremsha kwenda Mbamba Bay, ziwani, ilikuwa ya mnunuzi binafsi wa kahawa, nasi abiria tulikalia magunia yake matupu. Binti mmoja wa kijiji cha Matiri, Hilda, alikuwa akimweleza mwalimu mzee aliyekaa mbele yake kwamba anakwenda chuo cha ualimu, na masomo yake ni Fizikia na Hisabati.

"Chukua Historia na Kiswahili, mwanangu," mwalimu alisema.

"Shuleni kwetu kipindi cha fizikia tulikuwa tunafyeka nyasi, mwalimu. Hapakuwa na mtu wa kuifundisha."

"Kwetu yupo. Ni mimi." Akaeleza kuwa wenzake wa Historia huhama kila mwaka. Yeye akiomba uhamisho huambiwa atafute mwenye masomo kama yake wabadilishane vituo, na hajampata anayetaka kuja ziwani. Mkewe yuko nyumbani kwao Mapera, huko milimani, analima peke yake. "Jioni wenzangu wanabishana, wanacheka. Mimi ubishi wa fizikia nitaufanya na nani?"

Mimi, ambaye hesabu zilinikataa darasa la saba, nilitazama ziwa.

Hilda akafikiri. "Sasa nikipangiwa shuleni kwako, mwalimu, si utarudi kwa mama?"

Mwalimu alimgongea dereva asimamishe. Gari lilisimama kwenye njia panda ya shule yake, akashuka na kifuko chake cha maharage, akashika bodi ya gari.

"Historia na Kiswahili, mwanangu," alisema, lakini mkono hakuuondoa mpaka dereva alipopiga honi.