Kanga ya Njia Panda: Maisha ya Nestory Nkwabi Mihayo, Dereva wa Wagonjwa

Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa mliofika kutusindikizia ndugu yetu, tunawashukuru. Kabla hajatutoka, marehemu alituagiza jambo moja: yakisomwa maisha yake, lisirukwe lile la mwaka 1994. Tumemtii.

Nestory Nkwabi Mihayo alizaliwa tarehe 12 Machi 1940 hapa hapa Nyabulemba, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mihayo na mama Kija. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1954. Baba alipougua akaacha shule, akachunga ng'ombe wa nyumbani na kulima pamba ili sisi wadogo zake tusome. Hakuwahi kutusimanga kwa hilo.

Mwaka 1958 alipata kazi ya utingo kwenye lori la chama cha ushirika wa pamba, akajifunzia humo udereva. Serikali za mitaa ziliporudishwa mwaka 1984, halmashauri ilimwajiri kuendesha gari la wagonjwa, Land Rover moja kuukuu kwa vijiji vyote hivi. Zahanati ikipata habari ya mgonjwa ilikuwa ikiita gari kwa redio ya upepo na kutaja kijiji tu. Lakini kijiji chetu mnakijua, nyumba hii na ile ni mwendo wa saa nzima. Basi Nestory akawafundisha watu wafunge kanga kwenye njia panda ya kuingilia kwao. Fundo moja ni mgonjwa. Mafundo mawili ni mama wa kujifungua, na hapo alikuwa akiendesha taratibu kama aliyebeba mayai, akisema hayo si magunia ya pamba.

Ngosha yupo hapa, atanisamehe. Siku moja alifunga kanga ya mkewe barabarani apate lifti ya kwenda mnadani. Nestory akampakia bila neno, akampeleka moja kwa moja zahanati, akamwomba nesi amtafutie sindano iliyo nene. Ngosha alirudi kwa miguu, na tangu hapo wakawa marafiki.

Alifunga ndoa na Wilhelmina, binti wa Misungwi, tarehe 7 Agosti 1965. Mungu aliwajalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wadogo. Wilhelmina alizoea kula peke yake, na sahani ya mumewe aliifunika akaiweka karibu na mafiga.

Ulipofika wakati wa mambo kupelekwa kwa watu binafsi, baraza la madiwani lilikaa mwaka 1993 likaona Land Rover imechoka na fundi amechoka nayo. Zabuni ikatangazwa, tangazo likabandikwa ubaoni, na kampuni moja ya usafirishaji kutoka mjini ikapewa kazi ya kubeba wagonjwa kuanzia tarehe 1 Julai 1994. Nestory alipewa barua ya kupunguzwa kazini. Siku ya makabidhiano waliandika jeki, tairi la akiba, machela na mablanketi mawili, akatia sahihi. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine.

Jioni hiyo mkewe alimuuliza kama amewaambia habari ya kanga.

Akajibu, "Wana redio yao. Wajue wenyewe."

Ndugu zangu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameumia. Miaka kumi ya kazi, na aliyempokea funguo hakumwambia hata pole. Akanyamaza, akashika jembe.

Ijumaa tarehe 19 Agosti, asubuhi, Evelina mke wa Venant alishikwa na uchungu. Mama mkwe wake alifunga kanga njia panda, mafundo mawili, kama walivyofundishwa. Gari la kampuni lilikuja upesi, tena zuri. Likaipita kanga likaenda kusimama ofisi ya kijiji, maana mkataba ulisema wagonjwa wachukuliwe hapo. Dereva akangoja, hakuona mtu. Wakati wa kurudi akaipita tena, mpaka wanawake walipotoka na kusimama katikati ya barabara. Evelina alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nestory alizisikia habari hizo kwenye sala za jumuiya. Hakula siku hiyo. Kesho yake alikwenda kwa Venant, akaketi chini, hakukubali kiti. Evelina akamwamkia shikamoo. Nestory akawaeleza yote, na lile jibu alilompa mkewe pia.

Evelina akamwambia, "Baba, wewe hukuwa na gari."

Akasema, "Nilikuwa na mdomo, mwanangu."

Kutoka hapo alimwendea diwani, akaomba aingizwe barazani. Aliwaambia kwamba gari linabadilishwa kwa karatasi, lakini njia inakaa kwa mtu, na mtu akiondoka na kinyongo anaondoka nayo. Alijitaja mwenyewe kuwa ndiye mfano. Baraza likakubali kwamba kila kazi hiyo inapohamia kwa mwingine, dereva wa zamani akae mwezi mzima kando ya dereva mpya, na mabadiliko yatangazwe kanisani, msikitini na mnadani kabla ya siku yenyewe.

Wa kwanza kukaa kando alikuwa yeye. Yule dereva wa kampuni, Okomo, mtu wa Mara, naye yupo hapa. Siku ya kwanza alimwambia, "Mzee, nimezipita kanga hizi nikidhani wameanika nguo." Mwezi ulipokwisha walikuwa wanaitana ndugu. Mkataba wa kampuni ulipomalizika Juni 1997, kazi ikapewa hospitali ya misheni, na Okomo akakaa mwezi kando ya dereva mpya, Chenge, bila kukumbushwa.

Presha ilimwanza Nestory mwaka 1996, kisha moyo ukapanuka. Jumanne tarehe 10 Februari mwaka huu 1998, mchana, alianguka shambani. Wilhelmina alivua kanga aliyojitanda, akakimbia na tope la mvua hizi mpaka njia panda, akafunga fundo moja. Chenge hakuwahi kufika nyumba hii. Aliiona kanga, akakata kona.

Ndani ya gari Nestory alifumbua macho akauliza dereva amesimama wapi. Mkewe akamwambia, "Kwenye kanga."

Akasema, "Basi, njia imewafikia." Hakusema lingine. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Februari, saa tatu asubuhi, akiwa amepakwa mafuta matakatifu.

Ameacha mjane, Wilhelmina, watoto wanne, Alexander, Kija, Mihayo na Princess, wajukuu tisa, ndugu watatu, na Nestory mdogo wa Venant na Evelina, aliyezaliwa salama Desemba 1995. Siku hiyo Okomo aliyaona mafundo mawili, akaenda taratibu.

Wageni mliotoka mbali mmeikuta kanga njia panda, mkajua pa kuingilia. Ni ile ile ya Wilhelmina. Hajaifungua.

Bwana, mwonyeshe naye pa kuingilia, apumzike kwako kwa amani.