Majina ya Ukurasa wa Pili

Mbele ya kibanda cha Waya, fundi simu wa soko la Voi, pana benchi ambalo wenyewe wamelikalia hata mbao zimechukua maumbo yao. Kaveke huuza kahawa hapo, vikombe vidogo, tangawizi nyingi. Profesa, mwalimu mstaafu, huja na methali zake. Na Ambrose, mzaliwa wa Wusi aliyebandikwa jina la Injinia kwa sababu hutengeneza tovuti za mashirika, huja na kompyuta mkobani. Asubuhi ya Ijumaa hiyo Ambrose aliketi pembeni, kahawa imempoa mkononi. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Mzee Nzau auawe na tembo shambani mwake, chini ya mlima Kasigau, bila kupata ujumbe wa simu wa kutahadharisha kwamba tembo wanakuja. Na katika benchi lile zima, Ambrose peke yake ndiye aliyeijua sababu.

— Ni mnara tu, alisema Waya, akipuliza vumbi ndani ya simu iliyofunuliwa. Kule mnara ni mmoja, na huo mmoja ni mgonjwa.

— Mgonjwa, na Mukonyo alipata ujumbe? Kaveke alimkata. Shamba lake na la marehemu yametenganishwa na ua wa miiba tu.

— Basi ujumbe ulifika kwa Mukonyo ukachoka.

— Achana na huyu, mama, alisema Profesa. Mwenda pole hajikwai.

— Sasa hiyo inaingia wapi, Profesa?

— Tembo, bwana! Si huenda pole? Yule aliyevalishwa kola ya redio ya kufuatilia kundi ameshaijua kazi yake. Anasimama nyuma akijikuna mtini, askari wa pori wanasoma kwamba kundi limetulia. Kumbe wenzake ameshawatuma mahindini.

— Kwa hivyo tembo wako na mkutano?

— Na katibu wa mkutano.

Walicheka, kisha wakamkumbuka marehemu.

— Zamani tulikuwa na madebe ya kufukuzia tembo, Profesa aliendelea, sauti imeshuka. Mtu hakwenda shambani alfajiri kabla hajapiga debe akasikiliza. Siku hizi simu ikinyamaza, wanasema kuko salama. Nzau aliingia mahindini akiuamini ukimya.

— Injinia, Kaveke aligeuka, si tovuti ya hizo tahadhari uliitengeneza wewe? Tuambie basi.

— Bado naangalia, mama.

Uongo ulimtoka kwa sauti ya kazini, laini, usio na mkunjo. Alikuwa amekwisha kuangalia tangu Jumatano. Jerusha, karani wa shirika linalotuma tahadhari, alikuwa na jedwali la wakulima kwenye tovuti, majina na namba za simu. Kila tembo walipoteremka alizinakili namba kwa mkono, moja baada ya moja, mpaka kidole gumba kikavimba. Akaomba kitufe. Mwezi Januari Ambrose akamwekea kimoja juu ya jedwali, kimeandikwa “Kopi”: bonyeza mara moja, namba zote zimeshikwa, kazibandike penye ujumbe. Alikijaribu kwa orodha ya kwao Wusi, wanaotumiwa habari za mvua. Majina kumi na manane, yote yakaja. Hakukumbuka kwamba ukurasa mmoja huonyesha majina ishirini na matano tu, na kwamba kitufe chake kilishika yanayoonekana, si yaliyomo. Orodha ya Kasigau ina majina arubaini. Jumatano alikirekebisha kwa dakika kumi, akamwandikia Jerusha: “Nimeboresha kidogo.”

— Mimi nasema tembo husikia simu kwa nyayo, alisema Waya. Ikitetemeka tu, wanajua nyumba ni ipi.

— Hodi hapa.

Alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cheusi begani. Waya alimtambua: Rachel, bintiye marehemu.

— Pole sana, dada. Karibu.

— Asante. Hii ni simu ya baba. Nitazamie kama ujumbe wa Jumanne uliingia.

Waya aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, akaitazama, akaizungusha tena na tena.

— Simu ni nzima, dada. Jumatatu usiku imepokea salamu za kanisa. Jumanne, hakuna kitu.

— Basi kwa nini Mukonyo alipata na baba hakupata?

Waya aliuangalia mnara wa simu wa mjini.

— Mama alikuwa ameizima ichaji haraka, Rachel alisema. Akaiwasha alfajiri, baba ameshatoka. Anasema ujumbe ulikuja ukakuta ameizima, ukarudi ulikotoka. Hajala tangu Jumanne.

— Si kosa la mama, alisema Ambrose.

— Injinia, msiba hautaniwi, Waya alimwonya.

— Sitanii.

Akafungua kompyuta juu ya magoti. Aliwaonyesha jedwali kama kitufe kilivyolishika Jumanne: majina ishirini na matano, la mwisho Mukonyo. Kisha ukurasa wa pili. La kwanza, Nzau.

— Huku kitufe hakikufika. Nilikitengeneza mimi. Hata mama yako angeiacha simu wazi usiku kucha, ujumbe usingeingia.

Rachel aliyafuata majina kwa kidole, polepole, kama asomaye kaburini.

— Na hawa walio chini ya baba?

— Kumi na wanne. Nao walikuwa hawapati, tangu Januari hadi nilipokirekebisha Jumatano.

— Wanajua?

— Hapana.

Hakulia. Aliichukua simu, akaiviringisha ndani ya kitambaa, akakifunga fundo.

— Gari la Kasigau linaondoka saa sita. Twende, umwambie mama mwenyewe. Mimi nikimwambia atadhani namfariji.

Ambrose akasimama. Profesa akasogea ili apite, ingawa nafasi ilikuwepo.