Mwalimu Aliyefika wa Mwisho Barazani

Mchungaji, walimu wenzake Baba, majirani, jamaa mliotoka Mwingi alfajiri, Bwana asifiwe, na kwenu wazee mliotoka msikitini mkaja moja kwa moja hapa hemani, asalaam aleikum. Mimi ni Wendy, kifungua mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake kabla hatujampeleka nyumbani kumzika, na niseme mapema kwamba tarehe ninazo zote, ila jambo moja ambalo ndugu yangu Brayo aliniomba nilitafute sina hakika kama nimelipata.

Mwalimu Josphat Kioko Muthengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Nguutani, Mwingi, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Muthengi na marehemu Mama Kalekye. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia sekondari mwaka 1975, akahitimu chuo cha ualimu Desemba 1981, na mwezi uliofuata serikali ikamtuma Tarbaj, kule Wajir, mahali alipofika akidhani ameadhibiwa na ambapo, miaka saba baadaye, aliondoka akilia. Mwaka 1989 alihamishiwa Bura ya Fafi, na mwaka 1997 akaja hapa mjini Garissa, akafundisha historia hadi alipostaafu Machi 2021.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, Wilkister, mwalimu mwenzake kutoka Kakamega, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1988 na Brayo mwaka 1993.

Kuhusu kazi yake nyingine, ile isiyo na mshahara, nyote mnaijua. Kila jioni alikwenda kwenye hoteli ya Mama Faduma, pale wazee wanapofanya wanachokiita fadhi ku dirir, yaani kupigana mkiwa mmeketi, na hapo, kwa chai ya maziwa ya ngamia, walipigana juu ya jeshi letu kuvuka mpaka, juu ya Wamarekani na Waturuki na Waarabu na nani kati yao ni rafiki wa kweli, juu ya ukuta wa mpakani, juu ya mabinti kuolewa. Baba alibishana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwaka 2009 alitetea jioni nzima kwamba mzazi ana haki ya kumwoza binti yake wakati anaotaka, na kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, alikuwa mlangoni kwa baba yake Qali, mwanafunzi wake aliyeachishwa shule ili aolewe, akimsihi amrudishe msichana darasani. Qali alirudi, leo ni muuguzi, na ameketi pale mbele. Mimi nilimwona Baba kigeugeu, nikamwambia hivyo, akacheka tu.

Sasa nifike mahali panapotuuma. Mwezi wa Juni 2013 Brayo alipita usaili wa jeshi, akapiga simu jioni kumwomba Baba baraka, Baba akapokea akiwa katikati ya ubishi, na hoteli nzima ikamsikia akisema kwamba vita hii si yetu na anayekwenda anakwenda kwa ujinga wake. Brayo alikata simu, akaenda, na kwa miaka kumi na moja hakulala tena nyumbani kwetu, salamu zake zikipitia kwa Mama.

Wiki hii Brayo aliniomba niulize Baba aliamini nini hasa. Nilianza kwa Mzee Siyad, mfanyabiashara wa ngamia na rafiki yake wa miaka ishirini, akaniambia, "Hii vita baba yako alikataa kabisa, wallahi." Mzee Jelle, aliyekuwa ameketi hapo hapo, akaruka juu, akaapa kwamba Baba aliitetea mpaka wakakosana siku tatu. Waliponiona nimechanganyikiwa ndipo wakanieleza sheria ya baraza lao, ambayo sisi nyumbani hatukuwahi kuijua, kwamba anayefika wa mwisho huenda upande uliopungukiwa na mtu, apende asipende, na Baba, kwa kuwa alibaki shuleni kusahihisha madaftari, alifika wa mwisho kila siku. Siku ya simu ile, mzee mwenzao Abdisamad alikuwa amekwenda Kotile kuangalia ng'ombe wake, na upande wa kupinga vita ulipungua mtu mmoja. Kwa hiyo yale maneno yaliyomvunja ndugu yangu yalikuwa ya Baba au ya kiti cha Abdisamad? Nimewaza mpaka kichwa kinauma, sijui.

Tarehe 22 Agosti 2024 Baba alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli, yeye aliyekuwa mbishi kuliko wote. Brayo alikuja Novemba, akapiga magoti kando ya kitanda, akamuuliza kuhusu maneno yale. Mkono wa Baba ukatua kifuani kwa Brayo, na kama aliuweka au ulianguka tu, hata daktari hakuweza kutuambia. Alituacha tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na wewe Qali uliyemgeuza kitandani kama babako mzazi, walimu wenzake, majirani zetu, na wazee wa baraza mliochimba naye hoja miaka yote hiyo. Na namshukuru Mama Faduma, aliyenijia jana tukiosha vyombo. Alisema siku moja tu Baba alifika mapema, Ijumaa ya Januari 2016, habari zilipokuja kwamba kambi ya wanajeshi wetu ng'ambo ya mpaka imeshambuliwa, wanaume wote wakiwa msikitini na viti vyote vitupu. Akamtania, "Mwalimu, leo kiti yote ni yako, utakaa upande gani?" Baba akamjibu, "Leo sina upande, Faduma. Leo nina mtoto huko." Akakaa mlangoni na simu mkononi mpaka Mama alipompigia kusema Brayo yuko salama.

Brayo, hilo ndilo nililolipata. Vita yenyewe aliionaje, sijui, na nadhani hatutajua.

Baba, maisha yako yote ulifika mapema mara mbili tu, siku ile na leo, ulipotutangulia sote hapa hemani. Pumzika kwa amani.