Mama Geneviève na Neno Lililotaka Kumfunga Binti

Mama Geneviève Mapendo anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya ukalimani mahakamani hapa Uvira, akitoa Kifuliiru na Kiswahili kwenda Kifaransa. Alitutangazia mwenyewe ofisini. Mimi karani, niliyekaa naye meza moja miaka kumi na moja, sijaamini hadi leo.

Hata hivyo, mshtuko huo ni mdogo nikikumbuka ule wa 2019. Raïssa, binti wa mtaa wa Rugenge, alishtakiwa kwa mauaji baada ya mchumba wake Achille kutoweka wiki tano. Jaji, mgeni asiyejua Kiswahili, alimuuliza Raïssa alimfanya nini Achille. Raïssa akajibu, "Nilimuzima, kisha nikamufuta."

Mama Geneviève akatafsiri bila kusita: alimuua, kisha akafuta alama zote. Mama yake Achille akaanguka chini. Askari walipomshika binti, alimpigia kelele mkalimani, "Hapana, mama! Minye sikuua muntu! Nilimuzima mu simu, nikafuta namba yake!"

Mama Geneviève akaelewa kosa lake. Kwa rika lake, waliolelewa kando ya moto wa kuni, kinachozimwa ni moto, na kumzima mtu ni kumtoa uhai. Kwa Raïssa, aliyekua na simu mkononi, anazimwa mtu usiyetaka tena kumsikia. Mama Geneviève akamgeukia jaji mbele ya umati: "Kosa ni langu. Nimetafsiri Kiswahili cha ujana wangu."

Kesi iliahirishwa. Siku ya nne Achille alionekana mji wa Baraka, mzima kabisa, akiuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Simu yake ilikuwa imeibwa, ndiyo maana hakupatikana; Raïssa akaachiliwa.

Tangu hapo Mama alitumia Jumamosi zake kuuliza watu wanamaanisha nini. Mkulima wa kijiji cha Mutarule mwenye huzuni alimwambia moyo wake umepigwa na jua; kijana wa mjini, kwa huzuni ileile, akasema chaji imeisha. Siku moja alirudi akatusimulia: watoto wa shule, waliozaliwa katika vita, huita swali gumu la mtihani "bomu", na wanacheka. Hayo yote yamo katika daftari lake la maneno mia sita, ambalo wakalimani wetu hulifungua kabla ya kila kesi.

Sasa anakwenda Lubarika kulima mpunga na dada yake.

Mama, asante kwa kukiri kosa mbele ya watu wote, wakati kunyamaza kungekuwa rahisi. Wiki iliyopita uliniuliza tutafanyaje bila wewe; jibu ni kwamba tutalifungua daftari lako. Uende salama, afya iwe nawe, na siku zako ziwe za utulivu.