Historia ya Ziro Tsuma wa Mwangulu, Mkulima wa Gwaru

Mliopata kivuli na mliokosa, poleni kwa safari, mimi ni Mbodze, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kusoma kwa kuwa wanaume wa mji huu wangelia kabla ya kuufikia ukweli.

Ziro alizaliwa tarehe 4 Juni 1968 hapa Mwangulu, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1983, akafaulu, lakini kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa baba, masomo yakaishia hapo. Mwaka 1991 aliajiriwa jikoni katika hoteli moja ya Diani, akawa mtu wa kupakua aiskrimu, hadi Machi 2020 hoteli ilipofungwa kwa korona, asiitwe tena.

Tarehe 10 Desemba 1994 alimwoa Judy, na siku hiyo mama yetu alimfungia Judy mahindi ya mbegu kwenye leso, kama alivyomfungia kila bi harusi wa ukoo huu, mahindi mekundu, mafupi, yanayoiva hata mvua ikikatika, yanayoning'inizwa darini juu ya meko yapate moshi, wala mwanamume hayagusi. Walijaliwa Karisa, wa bodaboda pale Lunga Lunga, na Cynthia, aliye sekondari.

Mwaka 2022 akaja Jaafar, dalali wa Ukunda, na mbegu ya gwaru, mmea wa jamii ya kunde, akasema Wahindi huulima sana, unga wake huteleza kama bamia, hutiwa kwenye aiskrimu, na zaidi humwagwa visimani Marekani wanakopasua miamba kutoa mafuta. Ziro akacheka, kumbe miaka yote ile alikuwa akiwapakulia wazungu gwaru bila kuijua. Nilimwambia mafuta ya Marekani hayaijui njia ya Mwangulu, akanijibu, dada, wewe hata simu ulianza kwa kuitukana.

Mavuno ya kwanza Jaafar aliyanunua yote, tukala pilau, tusifiche. Mwaka 2023 Ziro akalima gwaru shamba zima, na Judy alipokwenda matangani kwao, Ziro akapanda darini, akayashusha mahindi ya mama, akayasagisha yawe ugali wa vibarua wa palizi, akisema mbegu iko dukani. Vibarua waliusifu ugali. Judy aliporudi akatazama juu ya meko, akakaa chini.

Mwaka 2024 mbegu ya duka tuliipanda, mvua ikakatika, ikakauka ikiwa magotini, gwaru nayo ikasimama, ikavunwa, ikajaa ghala na chumba cha kulala, Jaafar akasema soko la nje limelala, Ziro akasema likilala litaamka. Gwaru haisongwi ugali, maganda yake tuliyachemsha, yakatushinda kwa uchungu.

Januari mwaka huu alijikata mguu kwa jembe, naye ana sukari, kidonda kikachimba, akakataa hospitali, eti lori la mnunuzi litakuja hayupo. Karisa alimbeba hadi Msambweni tarehe 2 Machi, mguu umeshaoza, akatutoka tarehe 11 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari waliopokea maiti inayopumua wakahangaika nayo, majirani mliotuletea maji, wenzake wa hotelini, na hata Jaafar aliye pale nyuma, kwani wengi wa kazi yake huzima simu.

Sasa ninyi wake mlioolewa katika ukoo huu na mlioozwa kutoka kwake, masika iko mlangoni na dari ya Judy ni tupu, yangu ililiwa na moto mnajua, rambirambi kaeni nazo, mwenye hindi moja jekundu la mama ainue mkono. Hapa nashusha karatasi, nitazame.

Kama hakuna mkono, basi leo tunazika wawili, Ziro na mbegu ya mama.

Pumzika kwa amani, Ziro, mvua ikija sisi tutaisikiliza tu.