Shingo ya Héritier

Mbele ya nyumba ya Mama Marthe, kwenye barabara inayoteremka kuelekea mto Tshopo, kuna benchi la ubao ambalo kila asubuhi hubeba maneno mengi kuliko kazi. Hapo hukaa Papa Patrice, karani wa serikali aliyestaafu, wanayemwita Décret, yaani amri ya serikali, kwa kuwa hasemi, hutangaza. Pembeni yake hukaa Zakaria wa Maniema, jina lake la benchi Methali, maana anazijua zote na hajapata kuitumia hata moja mahali pake. Mwishoni, karibu na thermos ya kahawa, ni Lambert, wanayemwita Capitaine, mzaliwa wa kijiji cha Yanonge aliyekulia ndani ya mtumbwi. Lambert ana neno juu ya kila jambo. Liko moja tu linalomnyamazisha, na asubuhi hiyo ndilo lililoletwa.

– Jana nilipita kwa Héritier, akasema Décret. Sasa myaka saba. Mutu hatembei, lakini miguu inarukaruka yenyewe kwa kitanda. Bon, munielezee.

Héritier alikuwa fundi wa pikipiki mwenye miaka ishirini na mitatu alipopanda jiwe kubwa chini ya maporomoko, Jumapili moja ya ukame, akajitupa mtoni kichwa mbele. Walimtoa akiwa hai. Tangu siku hiyo, kuanzia kifuani kwenda chini, hasikii kitu.

– Asiyesikia la mukubwa huvunjika mguu, akasema Methali.

– Héritier alivunjika shingo, akamsahihisha Décret.

– Methali inasema mguu kwa heshima.

– Mimi nasema ni courant, Décret akaendelea. Courant ya barrage, umeme ya bwawa, iliingia mu mayi, ikamupiga, ikabakia ndani yake. Njo ile inachezesha miguu.

Mama Marthe alikuwa akiosha vikombe.

– Kama courant iko mu mayi, mbona kwangu taa haiwake? Nitaenda kuchota na ndoo.

– Basi na jasho? akauliza Methali. Jua inawaka, ye hatoke hata tone. Bibi yake Rosine anamumwangia mayi kama samaki ya soko. Mutu asiye na jasho si mutu wa inchi kavu tena. Mamiwata, ule jini wa mayi, alimuoa.

– Na Rosine sasa ni nani? akauliza Décret.

– Bibi wa pili. Chini ya mayi, polygamie haina shida.

– Na kile kidonda cha mugongo, chenye hakiponake?

– Magamba, akasema Methali kwa upole wa mganga. Anaanza kuota magamba. Chururu si ndo ndo ndo.

– Ni kidonda cha kulala fasi moja, akasema Marthe. Rosine anamugeuza kila saa mbili, muchana na usiku, peke yake. Ninyi wakati ule muko hapa, munanikunywea kahawa.

Benchi likapiga funda moja la kahawa, kisha likarudi kwa mamiwata. Lambert alitazama ndani ya kikombe chake. Nadharia ya mamiwata aliipenda kuliko zote, kwa kuwa mamiwata haitwi kutoa ushahidi.

Ndipo alipofika msichana mwenye blouse nyeupe ya hospitali na kopo la rangi. Aliitwa Nicole, mwanafunzi wa kunyoosha viungo vya wagonjwa. Kwa mwezi mzima alikuwa akienda kwa Héritier kumfungua vidole, maana vilikuwa vimejikunja kama ndoana.

– Bonjour bapapa. Batoto bado banaruka kila Jumapili toka juu ya ile libwe, ile jiwe kubwa. Nataka niandike pale mayi inafikaka wapi wakati wa ukame. Ile siku ya Héritier, ilikuwa inafika wapi?

Décret alikohoa, akasema swali kama hilo lazima lipelekwe kwa maandishi kwenye service, idara yenye uwezo.

– Maji ukiyavulia nguo, akaanza Methali, akaishia hapo.

Lambert aliiona tena siku ile. Alikuwa amesimama mtoni anakwamua wavu, na sauti ikamwita mjomba kutoka juu ya jiwe: tonton, mayi iko? Hakugeuka hata kuangalia. Wavu ulikuwa umeshika.

– Ilikuwa inafika hapa, akasema.

Kiganja chake kilikuwa kiunoni.

– Uko na hakika, tonton?

– Nilikuwa ndani. Aliniuliza kama mayi iko. Nilimuambia iko, aruke.

Nicole aliandika kwenye daftari bila kuinua kichwa.

– Ni Héritier alinituma kwa benchi hii. Alisema kuko mutu anajua.

Lambert akaweka kikombe chini.

– Alikupa jina?

– Hapana. Alisema huyo mutu atajisemea mwenyewe.

Lambert akainuka, akampokea msichana kopo la rangi, wakateremka wote wawili kuelekea mtoni. Hakuna aliyemwita. Décret alingoja mpaka wamepinda kona na hawawezi kusikia tena, ndipo akatangaza kwamba, quand même, faili ya mamiwata haijafungwa.