Kiduara Kinachozunguka

Benchi lile liko ubavuni mwa duka lililofungwa, pale mtaa unapokata kona kuelekea karakana ya kushona nguo. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na upande mmoja umelegea, kwa hiyo anayekaa mwisho hukaa na mguu tayari kwa lolote. Wenye benchi ni watatu. Yuko Antena, ambaye zamani alipanda mapaa ya watu kufunga antena za televisheni na mpaka leo hajashuka, ukimsikiliza. Yuko Zege, mwashi mstaafu mwenye sauti ya mashine ya kuchanganyia saruji. Na yuko Soli, fundi viatu, anayefanya kazi hapohapo na misumari mdomoni, misumari ambayo haijawahi kumzuia kusema. Anayewamiminia kahawa ni mwanamke wanayemwita Dada Birika, na siku hiyo alikuwa anamimina kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika simu, na ndani ya simu alikuwamo mama yake.

Mama alikuwa amevunjika nyonga, akawekewa chuma. Binti aliyekuwa akikaa naye akaolewa, akaenda zake. Nyumba yao ni ndefu kama treni: intaneti inaingilia sebuleni, mama analala chumba cha mwisho. Ndiyo maana Dada Birika alinunua vile viboksi vyeupe vitatu vya kurushiana wifi, vya bei ya chini kuliko vyote dukani. Kimoja kikakaa sebuleni, kimoja katikati ya korido, kimoja chumbani kwa mama pamoja na kamera ndogo. Antena ndiye aliyevifunga. Alimwonyesha mama kile cha korido, akamwambia: taa hii ya kijani ikiwaka, mwanao anakuona. Ukimtaka, we mwite tu.

— Hajatikisika, alisema Dada Birika.

Antena akanyoosha shingo. Kwenye simu mama alikuwa ameketi kitandani, mkono juu ya shuka, uso umeelekea kamera, mdomo wazi. Katikati ya picha, kiduara kidogo cheupe kilikuwa kikizunguka.

— Bi mkubwa mzima kabisa. Anapiga miayo.

— Miayo gani hiyo? Nimemaliza birika zima, bado yuko kwenye miayo ileile?

— Wazee wana miayo mirefu, dada. Na hicho kiduara unakiona? Kinazunguka. Maana yake mtambo uko kazini. Umewahi kuona kitu kilichokufa kikazunguka?

— Feni, alisema Soli. Umeme ukikatika huzunguka kidogo.

— Wewe gonga viatu.

— Mpigie simu, alisema Zege.

— Nimempigia. Simu yake anaiweka kabatini, ndani ya soksi, isiharibike. Inaita mpaka inachoka.

Zege akashusha kikombe. Alipenda kuanza na msingi.

— Tatizo ni ukuta. Ule wa korido niliujenga kwa mikono yangu, una nondo za kutosha ghorofa. Wifi ikifika pale inahema kama mtu aliyebeba gunia. Inakaa chini, inapumzika, halafu inaendelea. Ipe muda.

— Ipumzike asubuhi nzima?

— Ukuta wangu si wa mchezo.

— Si ukuta, alisema Soli. Ni jirani wa nyuma. Yule kijana amenunua televisheni kubwa kama mlango, na kazi hana. Anavuta. Yeye akifungua, nyinyi mnabaki na upepo, kama maji ya bomba.

— Jirani hajui neno la siri, alisema Antena.

— Neno la siri uliweka lipi? aliuliza Soli.

Antena akakohoa.

— Si uliweka "antena"? Dada, aliweka "antena"!

— Niliweka ili asisahau!

Zege alicheka mpaka ubao ukatikisika. Dada Birika hakucheka. Alifuta kioo cha simu kwa kitenge, kana kwamba mama angesogea vumbi likitoka. Chupa za kahawa za karakana zilikuwa bado zinamngoja, nne, vifuniko wazi. Msimamizi wa kule alishamwambia waziwazi: ukituchelewesha tena, tunatafuta mwingine. Karakana ndiyo ilikuwa ikimlipia dawa za mama. Akainua birika, akajaza chupa ya kwanza, akatazama simu. Mdomo wa mama ulikuwa wazi bado.

— Antena, kile cha katikati kiko sawa? Soketi yake imelegea, uliniambia mwenyewe.

— Nilikibana na kipande cha boksi la karatasi. Hakitoki hata kwa trekta.

— Basi ni nini?

— Nisikufiche, dada. Ni bei. Viboksi vya bei rahisi havipendani. Cha sebuleni kinajiona bosi, cha korido kimenuna, cha chumbani kinalia peke yake. Ni wake wenza watatu ndani ya nyumba moja.

— Wewe ndiye uliyesema vinafaa!

— Vinafaa sana. Wamekorofishana tu. Watapatana.

Soli akatoa msumari mmoja mdomoni, akautazama, uso ukamng'aa.

— Ngojeni. Bi mkubwa si ana chuma kwenye nyonga?

— Anacho, alisema Dada Birika.

— Basi yamekwisha! Chuma kinavuta mawimbi. Bi mkubwa mwenyewe ndiye antena. Akikaa vibaya kidogo tu, wifi ya mtaa mzima inaingia nyongani.

— Ndiyo maana redio yangu siku hizi inakoroma? aliuliza Zege, na hakuwa anatania.

— Ndiyo hiyo! Ageuzwe. Akilalia ubavu wa pili mtaa mzima unapona.

— Kumgeuza hakutoshi, alisema Antena, ambaye hakuweza kukubali fani yake ichukuliwe na fundi viatu. Avalishwe kitu cha mpira. Ndala. Mawimbi yanakatika chini.

— Yuko kitandani, ndala za nini? aliuliza Soli.

— Na kitandani avae!

Dada Birika alitua birika kwa kishindo, kahawa ikaruka mpaka kwenye suruali ya Zege.

— Huyo mnayemsema ni mama yangu! Si bati la paa!

Zege akajipangusa taratibu, bila kulalamika.

— Naenda nyumbani, alisema Dada Birika.

— Dada, alisema Antena kwa sauti ya chini. Juzi ulikimbia, ukamkuta anakunywa chai. Jana ukakimbia, ukamkuta amelala, ukamwamsha, akakusema mpaka jioni. Sasa hivi vitu umevinunua vya nini? Si ulivinunua usikimbiekimbie? Jaza chupa zako. Bi mkubwa huyo hapo, unamwona kwa macho yako.

Na kweli alikuwa anamwona. Hilo ndilo lililomrudisha. Akajaza ya pili. Akajaza ya tatu. Kila akiinua macho mama alikuwa palepale, anamtazama yeye, na kiduara kinazunguka mbele ya pua yake.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja akichechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kinaning'inia. Hawakuwa wamewahi kumwona. Alimpa Soli kiatu, akaegemeza goti kwenye benchi na kuchungulia simu iliyokuwa imelazwa kando ya birika.

— Huyu mama yako? Mmefanana macho. Picha nzuri. Ilipigwa lini?

Zege akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Soli akatemea misumari yake yote kiganjani.

— Nimeuliza vibaya? alisema yule mwanamke.

Dada Birika hakumsikia. Alikuwa anatazama mto. Pembeni mwa kichwa cha mama palikuwa na kipande cha jua, kimekaa juu ya foronya. Dirisha la mama linaangalia mawio. Jua lile huingia watoto wakivaa sare, na hutoka kabla vyombo vya chai havijakauka. Akainamisha kichwa, akatazama kivuli chake mwenyewe. Kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake, kifupi kama paka.

Aliondoka bila kufunika chupa. Alipita mbele ya karakana na msimamizi alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, akamwita; hakugeuka. Nyuma yake alisikia viatu vizito vya Zege, na Antena akisema "subiri, dada, subiri", na hakujua asubiri nini.

Mlango wa nyumbani ulifunguka kwa ufunguo wa pili, wa kwanza haukuwa wenyewe. Sebuleni kiboksi kilikuwa kinawaka taa ya kijani, kimetulia kama mgeni aliyeshiba. Korido ilikuwa na giza. Hapakuwa na taa katikati.

Mama alikuwa sakafuni. Mgongo ameuegemeza ukutani, ukuta wa Zege, mguu wenye chuma umenyooka mbele, fimbo imeangukia mbali, na kiboksi cheupe kiko mapajani amekishika kwa mikono miwili kama sahani. Kando ya soketi kilikuwapo kipande cha boksi kilichokunjwa.

— Usiniinue kwa pupa, alisema mama. Mguu upo. Kiuno ndicho kimegoma.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Dada Birika akapiga magoti, akampapasa nyonga, magoti, vifundo, kama anayepekua.

— Mama, ulifuata nini huku?

— Nilikuita asubuhi, pale kitandani. Nikaita, nikaita. Nikasema huyu hajawahi kuninyamazia, nikaja kuangalia. Taa ya huyu kiboksi imezimika. Nikasema nimrudishe mahali pake, mtoto asihangaike akinikosa. Kuinama niliweza.

Mlangoni Antena na Zege walikuwa wamesimama, wamebanana. Zege bado alikuwa na kikombe mkononi. Antena alikuwa anatazama kile kipande cha boksi sakafuni na hakuthubutu kukivuka.

— Nimeita tena hapa mpaka sauti imekwisha, alisema mama. Hata mlango wa jirani haukulia. Nikasema basi, atakuja tu, si ananiona.

— Nilikuwa nakuona, mama. Sijaondoa macho.

Mama akamtazama, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kitu alichouziwa.

— Nikifanya nini?

Dada Birika aligeuka kwa wale wawili, waliokuwa na maneno asubuhi nzima, na wao wakatazama chini. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, kioo kimewaka. Mama alikuwa ameketi kitandani, jua liko kwenye mto, mdomo wazi, na kiduara kilikuwa kikizunguka.